Wiki ya Saba ya Kanze

Maskani yetu ni ubao juu ya matofali, kando ya barabara hapa Garsen. Jua la saa kumi lilikuwa limetuchosha wote, na Asli, mama wa kahawa, alikuwa akitumiminia vikombe. Randu alikuwa ameegesha boda yake na kukaa pembeni. Mkewe Kanze ana wiki saba tangu ajifungue. Haongei, analia, na mtoto akinyonya yeye hutazama ukuta.

Galgalo, tunayemwita Daktari kwa sababu anauza dawa za ng'ombe, ndiye aliyeanza.

— Hiyo ni damu. Ng'ombe akizaa akapoteza damu, hata ndama hamtaki. Mpe supu ya mifupa.

— Supu gani? akasema Fondo, maarufu kama Wakili. Kuna kitu kilimwona mtoni. Si alikuwa akifua huko na mimba ya miezi minane?

— Mtoni wanafua wote.

— Basi ni ule mlingoti wa simu nyuma ya nyumba yao. Mawimbi yanaingia kwa mtoto, mama anachoka.

— Mbona mbuzi wa jirani hawachoki?

— Mbuzi hawana simu.

Randu akasema polepole:

— Mama yangu anasema ni uvivu. Na mimi nimeanza kuamini. Siku hizi kurudi nyumbani kunanishinda.

Asli akaweka birika chini.

— Nilipomzaa Mukhtar nilikaa hivyo miezi minne. Sikuwa mvivu, wala sikuwa na jini. Nilikuwa nawaza mtoto angekuwa na heri zaidi bila mimi.

Miaka yote tumekunywa kahawa yake, hatukuwa tumelisikia hilo.

— Nani alikusaidia, Mama Mukhtar? Randu akauliza.

— Wifi yangu Ubah. Alikuja kila asubuhi, akamwosha mtoto, mimi nikalala. Halafu akanipeleka kliniki. Muuguzi alinisikiliza, nikapewa dawa pia.

Diba, dereva wa lori kutoka Bangale, alikuwa hapo kwa mara ya kwanza, akisubiri tairi lake lizibwe. Akauliza:

— Huyo mama, leo amekula nini?

Sote tukamgeukia Randu.

— Sijui, akasema. Baadaye akaongeza: Hata jana sijui.

Akainuka. Asli akamwachia Fondo birika na vikombe, akapanda nyuma ya boda, wakaondoka.

Sasa ni mwezi wa pili tangu siku ile. Kanze amekwenda kliniki mara tatu, na Asli humwendea asubuhi kabla ya kuwasha jiko lake. Mama mkwe bado anasema uvivu, ila anapika. Kuna siku Kanze analia kutwa. Lakini jana alimgombeza Randu kwa kumvalisha mtoto sweta kwenye joto hili. Randu alitusimulia akiwa amesimama, haraka haraka, maana ilikuwa zamu yake ya kufua nepi.