Mzaha wa Zege

Fundi cherehani alifumba macho treni ilipoondoka, lakini masikio aliyaacha wazi. Kiti cha mbele yake alikaa binti mhandisi, na kando ya binti mama wa makamo ambaye hakuwa akimjua hata kidogo.

"Shahada ya pili, mama, na nafundishwa yale yale ya shahada ya kwanza! Nimeshajenga madaraja, bado naambiwa zege ni nini."

"Si uombe usamehewe hilo somo, mwanangu? Mdogo wangu aliomba, wakamkubalia."

Mama huyu alikuwa na ndugu kwa kila tatizo. Safari haijafika nusu, fundi alishaijua familia nzima.

"Naweza kuomba. Ila mwalimu ni yule yule, na mzaha wake wa zege ni ule ule. Zamani, kabla hajautoa, mwenzangu alikuwa ananikanyaga mguu chini ya dawati ili nicheke mapema. Tulikuwa tunatolewa nje wote wawili."

"Yuko wapi sasa huyo mwenzio?"

"Tulimzika mwaka juzi."

Mama, kwa mara ya kwanza, akakosa ndugu wa kumtaja. "Hata hivyo omba," akasema. "Unajiumiza bure."

"Somo la zege ni leo, mama, na mzaha wenyewe."

Treni ikasimama. Fundi akafumbua macho. Mama alinyanyuka kushuka, na alipokuwa akipita akamkanyaga binti mguu, taratibu, wala hakuomba radhi.