Celine Ameachwa Nje ya Timu

Benchi yetu iko Silanga, mkabala na wauza makaa. Katikati kuna ubao wa drafti wenye vifuniko vya soda, na sheria yake ni moja: wawili wanasogeza, base nzima, yaani kijiwe kizima, inacheza. Ukitazama gemu bila kupiga kelele, tutakuuliza nani amefariki kwenu. Jumatatu hiyo hakuna aliyegusa kifuniko. Celine, mpwa wa Okello, msichana aliyejifunzia drafti hapo hapo benchini kabla ya kuhamia chesi shuleni, alikuwa ameachwa nje ya timu ya taifa ya watoto, ile inayoenda kucheza ng'ambo. Wasee wa benchi walikuwa wameenda mchujoni Jumamosi kumshangilia, wote isipokuwa Fadul, mwenye birika la kahawa, na mimi niliyekuwa naumwa na jino. Watu hawa nawapenda, lakini kuwaamini ni kazi nyingine kabisa.

Fadul: Niaje wasee. Haya, mtoto alikosea wapi?

Aliyemrukia ni Okello mwenyewe, ambaye kwa sababu ya drafti tunamwita Kingi.

Kingi: Hakukosea! Raundi ya mwisho alipangwa na Trizah wa mtaa wa Kongo, kule Kawangware. Celine alihitaji sare tu. Sare! Na alikuwa anamkaanga!

Ambrose akakohoa. Huyo ni Wakili; aliwahi kuwa shahidi kortini mara moja, na hajapona.

Wakili: Timu ilichaguliwa kitambo, buda. Walikaa Riruta kwa nyama choma wakagawana watoto kama mbavu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni Riruta.

Mimi: Ulikuwa hapo Riruta?

Wakili: Wakili hahitaji kuwa hapo. Anahitaji harufu.

Wa tatu ni Mbuvi, jina la base Redio, kwa sababu hana swichi ya kumzima.

Redio: Wachaneni na nyama. Shida ilikuwa meza. Imeinama! Askari wa Celine walikuwa wanapanda mlima, wa Trizah wanateremka.

Fadul: Kwenye chesi?

Redio: Mlima ni mlima.

Kingi: Na huyo Trizah, mimi nilimwangalia vizuri. Hakupepesa macho hata mara moja. Mtoto wa kawaida hupepesa. Huyo amewekwa kitu.

Wakili: Kitu gani?

Kingi: Betri.

Redio: Hapo umeguza! Kuna nchi huko ng'ambo zinamwogopa Celine. Zimetuona na setilaiti tukimfundisha hapa. Zikasema, huyu akikuja tumeisha. Ndio wakatuma betri Kongo.

Fadul: Nchi nzima iogope mtoto wa gredi ya saba?

Redio: Dalili ya mvua ni mawingu, Fadul. Na Jumamosi mawingu yalikuwa.

Wakili: Tena huo mchezo wenyewe uliletwa na mkoloni kutudharau. Mfalme amekaa tu, malkia ndiye anahangaika ubao mzima.

Fadul: Hiyo si nyumba yako?

Tulicheka hadi mama wa makaa akatugeukia. Hata Kingi alicheka, kisha akakumbuka kwamba ana huzuni. Mimi nilikuwa nimeanza kuchoka. Meza, betri, setilaiti, na bado hakuna aliyesema kilichotokea.

Mimi: Kwani gemu iliisha aje?

Kingi: Mwamuzi aliisimamisha.

Mimi: Kwa nini?

Kingi: Wivu.

Redio: Mara ya kwanza alisema tunyamaze. Ati hiyo ni onyo. Tukanyamaza.

Wakili: Kidogo.

Redio: Kidogo. Halafu mtoto anakaa na farasi wa Trizah mbele yake, wa bure, na hamli! Kwa drafti ukiacha kula, unaliwa. Sasa Kingi angefanya nini?

Kingi: Si mimi peke yangu! Sote tulisema "Kula farasi!" Penye wengi pana Mungu.

Wakili: Na kimya kingi kina mshindo. Sisi tulikuwa tunazuia mshindo.

Fadul akaweka birika chini.

Fadul: Halafu?

Redio: Mwamuzi akasema Celine anasaidiwa na watu wa nje. Akampa Trizah gemu. Na timu.

Nilishikwa na hasira ya kweli. Mtoto alikuwa ameacha kucheza kamba na wenzake kwa ajili ya ubao ule, na hawa watu wazima, kwa mapenzi yao yote, wakamtoa wenyewe. Nilitaka kuwaambia hivyo, ila Celine alikuwa amesimama nyuma ya benchi, bado na sare ya shule, sukuma wiki ya mamake kwapani.

Wakili: Usijali, mama. Tunakata rufaa!

Celine: Huyo farasi alikuwa mtego, anko. Ningemla, malkia wangu angeenda.

Kingi akatazama vidole vyake.

Celine: Kuna mchujo mwingine mwaka ujao. Kwa umri wangu ndio wa mwisho.

Kingi: Tutakuja! Base nzima! Hata vuvuzela nitatafuta!

Celine: Anko, mnaweza kukaa gemu moja tu bila kusema kitu?

Wakili alichungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Kingi alifungua mdomo, akaufunga, na nikaona macho yake yamelowa. Nilimhurumia, nikamhurumia Celine zaidi, maana alikuwa anasubiri kwa dhati. Hatukusikia kitu ila mtu akivunja makaa ng'ambo ya njia. Nakiri nilianza kuwa na matumaini.

Redio: Si unaona? Tumeweza!

Celine akahamishia sukuma kwapa la pili, akaenda zake nyumbani.