Vidoti Vitatu vya Papa Félicien

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Papa Félicien Ngoyi anastaafu baada ya miaka arobaini na moja katika karakana ya reli hapa Kindu. Aliingia Machi 1984 kama mfagiaji. Ufagio haukumzuia kutazama.

Alichoona ni hiki. Chuma kinachosubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kwenye mchanga, lazima mbavu zake zilale kidogo, la sivyo kielelezo cha mbao kinachoacha umbo lake mchangani hakichomoki bila kuubomoa. Kwa hiyo kasha la ekseli, linaloshika ncha ya ekseli chini ya behewa, ni pana chini, jembamba juu. Fundi mmoja alipima chini, mwingine juu, kila mmoja akaapa yuko sawa, na kasha likagoma kuingia mahali pake. Papa Félicien na msubi wetu, Léon Lukusa, wakakata shauri: vidoti vitatu vya kugongwa kwenye chuma, viwili ubavu mrefu, kimoja ubavu mfupi, vyote kimo kimoja. Kila kipimo kianzie hapo. Wakachonga mabati mawili ya kupimia, kila moja na pini tatu. Ugomvi ukaisha, baadhi yetu tukakosa la kuzungumza.

Agosti 1998 Léon alipanda treni ya mwisho ya kusini, kwenda kusubu katika karakana ya huko, na familia yake na bati lake. Vita vikafunga njia. Karakana ikasubu sufuria, na Papa Félicien akazigonga vidoti vilevile. Kina mama wa Alunguli walimcheka: "Papa, sisi tunapika sombe, hatuvuti mavagon!" Lakini mfuniko wowote ulikaa juu ya sufuria yoyote.

Treni ya kwanza iliporudi baada ya vita, watu walikimbilia abiria. Yeye alitambaa chini ya mabehewa. Akatoka na grisi usoni, machozi juu ya grisi. Kasha jipya lilikuwa na vidoti vitatu, pini zote ziliingia, na kidoti cha tatu kilikuwa kimegongwa mara mbili. Léon hakuwahi kuamini pigo lake la kwanza.

Tangu hapo hawakuandikiana. Léon hakupenda kalamu, na namba ya simu tuliyopewa ikawa ya mama mmoja wa Kasongo, ambaye sasa ni rafiki wa karakana nzima. Kasha lilishuka kusini na vidoti vya Félicien, lingine likapanda na vya Léon. Ndiyo salamu. Mke wa Félicien, Mama Scholastique, alilalamika hadharani kwamba yeye hajawahi kutazamwa kama tumbo la behewa.

Kasha la mwisho lenye mapigo mawili lilifika 2019. Treni zilizofuata, chache kama tujuavyo, Papa Félicien alizikagua zote. Hakuna alama. Aliacha tu kuimba kazini, na sisi tuliolalamikia sauti yake tunaitamani.

Tulimwuliza anataka zawadi gani. Saa ya ukutani aliikataa. Aliomba tiketi ya treni ijayo ya kusini, na ruhusa ya kutoka na bati lake. Mkuu wetu, Mama Germaine, alipekua orodha ya vifaa kwa makini, akafunga daftari. "Bati? Humu hamna bati."

Papa Félicien, asante kwa kutuonyesha pa kuanzia. Ukimkuta Léon, gongeni vidoti kwenye chuma chochote, hata mfuniko, kipandisheni treni. Sandrine, anayeshika meza yako, ameshajua kutambaa. Usipomkuta Léon, rudi uimbe. Siku zako ziwe njema na ndefu. Huku, kila behewa litakalofika, tutaliinamia.