Leonhard Wiedenhofer, Mchoraji wa Theluji wa Hinterried

Baba Padri, ndugu, jamaa na majirani, mimi Walburga, mdogo wake marehemu, nimeombwa na familia niwasomee maisha yake.

Kaka yetu Leonhard alizaliwa tarehe 14 Novemba 1849, hapa Hinterried, mtoto wa kwanza wa mzee Wiedenhofer mseremala, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1862, kisha akapasua mbao na baba kwa miaka sita, mpaka Padri wa wakati ule alipoona alichokichora kwa mkaa ukutani mwa karakana, akamwombea nafasi katika Chuo cha Sanaa cha Munich, alikosoma toka 1868 hadi 1873.

Wenzake walikimbilia Italia kutafuta jua, yeye akarudi kwetu kuchora theluji, akisimama mtoni toka alfajiri, mirija ya rangi ameikumbatia kwapani isigande, na nilipomcheka kwamba rangi nyeupe moja ingemtosha, alinishika mkono akaniambia, "Hebu tazama pale kivulini, Walburga, uniambie weupe uko wapi."

Tarehe 6 Mei 1876 alifunga ndoa na Kreszenz Haslinger, wifi yangu aliyekaa hapa mbele, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Afra, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1878, akafariki tarehe 11 Februari 1889 kwa homa ya mapafu.

Kijiji hiki kimesema kwa miaka kumi na minane kwamba Leonhard alimuua mwanawe kwa ajili ya picha. Naomba mnisikilize.

Siku ya tarehe 5 Februari wifi yangu alikwenda mjini Murnau kununua dawa ya kikohozi cha Afra, akaniachia neno moja tu, "Wifi, mtoto asitoke," lakini baba yake, aliyekuwa mtoni tangu kabla mkewe hajaamka na hakujua katazo lile, alikuwa amemwahidi Afra kumweka kwenye picha, na mtoto akanibembeleza, "Shangazi, baba ananisubiri," nami nikamhurumia, nikamfunga vifungo vya koti kwa mikono yangu hii, nikamwambia awahi kurudi. Alisimama kwenye theluji hadi mwanga ulipoondoka, na kila baba yake alipomuuliza kama anasikia baridi, alijibu hapana.

Wifi aliporudi alimkuta anatetemeka, akauliza, "Nani kamtoa mtoto nje?" Kaka akanitazama, kisha akasema, "Ni mimi. Nilikuja kumchukua."

Hakulibadilisha neno hilo mpaka kufa. Aliendelea kuchora theluji kila mwaka, ila bila mtu ndani yake, na wauza picha wa Munich walipomsihi aweke hata mpita njia mmoja, alisema huko hakupiti mtu. Mkewe alimpikia, alimfulia, na kaka alipoanza kutapika damu mwezi Oktoba uliopita alimuuguza usiku na mchana, lakini hakumwita tena kwa jina.

Siku mbili kabla hajafa nilimwambia nataka kumweleza mkewe ukweli. Alinikataza. "Amezoea kunichukia mimi," alisema. "Akikuchukia na wewe, atabaki na nani?" Alifariki Jumatano tarehe 9 Januari 1907, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba.

Familia inamshukuru Daktari Zwerger aliyekuja kwa miguu barabara ilipozibwa, wachoraji wenzake waliotoka Munich, na majirani waliotuletea kuni na supu, wakachimba theluji tangu jana ili jeneza lipite.

Wifi yangu Kreszenz, sikuombi unisamehe, nakuomba leo, kabla hatujamfukia, umwite mumeo kwa jina lake.

Kaka Leonhard, nimekukaidi. Lala kwa amani, jina lako limesafishwa na aliyelichafua.