Kitoto cha Mwisho Kilichonyonya Kidole Changu

Wafugaji wenzangu, wengi mnanijua. Mimi nilichunga mbuzi za watu tangu darasa la nne, na boma la kwanza la simiti hapa Marungu lilikuwa langu. Hilo nitajisifia mpaka nife. Lakini nimesimama kwa lingine.

Vitoto vya mbuzi vilianza kuhara vikiwa na siku tano. Nikasema hakuna daktari wa kunifunza mbuzi. Nikadunga sindano, vikafa. Nikaongeza dawa, vikazidi kufa. Ndugu zangu, nawaambia, nilichimba mashimo mpaka mpini wa jembe ukavunjika, nikakaa juu ya udongo ule nikalia, mimi huyu mnayemwona.

Kilibaki kimoja kizima, na mbuzi saba wenye mimba. Wale saba wakizaa na vitoto vyao vikafa tena, mimi nimekwisha.

Ndipo akaja binti mmoja kutoka kule Ronge, daktari wa utafiti wa mifugo. Alichukua mavi ya kile kilichokufa asubuhi hiyo, kisha akaniomba kile kizima kichinjwe. Alisema wataotesha utumbo wake maabarani, vijitumbo vidogo kama punje ya mchanga, waviambukize ugonjwa na kujaribu dawa yangu humo. Nikamcheka. Nikamuuliza kama utumbo unaota kama sukuma wiki.

Mama watoto, aliyekuwa ameacha kunisemesha, ndiye aliyejibu.

"Umezika kumi na saba kwa ujuzi wako. Mpe mmoja."

Nilikishika mwenyewe. Kilikuwa kikinyonya kidole changu.

Wiki kadhaa baadaye binti akarudi na picha kwenye simu. Kijitumbo kizima, duara. Kilichoambukizwa, kimebomoka. Kilichotiwa dawa yangu, kimebomoka vilevile.

"Baba, dawa yako haiwagusi vijidudu hawa. Wanapenda unyevu, na vitoto vinaambukizana."

Na mimi boma nililimwagia maji kila asubuhi, nikijivunia usafi, vitoto vyote nimevifungia humo pamoja.

Nililivunja kwa nyundo. Kila mbuzi akazalia pakavu, peke yake na mwanawe. Kitoto kimoja kilikufa. Sita vinaruka.

Asante binti yangu, asante mama watoto, na ninyi mlionipa nyasi kavu za kuwatandikia bila kunicheka. Utumbo ule bado unaishi maabarani, na ni wa mbuzi wangu, msisahau. Ila kitoto cha kwanza kikihara, mwite daktari kabla hujachimba shimo la pili. Mimi nilichimba kumi na saba.