Siku Tulipolinyamazisha Ziwa

Benchi letu liko pale gati linapoanzia, mbele ya kibanda cha fundi wa injini za boti, na siku zote ukitaka kusikika hapo sharti upayuke. Leo kimya. Tangu asubuhi Fundi amepita boti hadi boti akiwabembeleza manahodha: jamani, saa nne binti yangu anatua na ndege ya majini, mara yake ya kwanza bila mwalimu pembeni, naombeni mumpishe. Nani amnyime Fundi? Kila mtu kazima injini, hata pantoni limengoja. Ziwa likatulia tuli, hata kijiwimbi hakuna. Fundi akaketi na kikombe cha kahawa, macho angani.

— Siri ni nanga, — alisema kinyozi wa jirani, wanayemwita Profesa maana hakuna asilolijua. — Ndege ikigusa maji tu, anaiachia, chubwi! Inasimama.

— Nanga kwenye ndege? — Mama Tiketi, mkatisha tiketi wa pantoni, akaangua kicheko. — Toka hapa! Inatua kwa tumbo, kama bata. Na mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo inatanguliza pua.

— Pua? — Fundi alishtuka. — Dada yangu, usiniue!

— Usimsikilize, — Profesa akasema. — Samaki ndio wanaosaidia. Wakisikia mlio wanakusanyika chini, wanayainua maji kidogo kuipokea.

— Samaki gani hao, wa kuajiriwa?

— Wewe cheka. Tazama ziwa lilivyotulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake nini? Atatua salama!

Kahawa ikammwagikia Fundi magotini.

— Ile pale! — Mama Tiketi alirukia juu ya benchi. — Ile paleee!

Ndege nyeupe ilitokea juu ya mlima, ikashuka, ikashuka, watu wakapiga vigelegele. Halafu ikanguruma na kupaa tena.

— Anatusalimia, — alisema Profesa.

Ikazunguka, ikashuka mara ya pili. Ikapaa tena.

— Salamu gani mara mbili? — Fundi alinong'ona.

Mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja pantoni, fundi vioo, aliegemeza kioo chake kikubwa ukutani kwa uangalifu.

— Samahanini, wenyeji. Mimi kila wiki naitwa kubadilisha mlango wa kioo. Kikiwa safi sana, mtu hakioni, anakigonga kwa paji la uso. Sasa huyo binti, maji yakiwa hivi, atajuaje yanaanzia wapi?

Mama Tiketi akashuka kwenye benchi polepole.

— Mungu wangu, — Fundi alisema, — nimemfungia mwanangu njia!

Alikuwa kesharuka ndani ya boti ya mteja. Akavuta kamba ya injini. Kimya. Akavuta tena, akiitukana kwa majina yote anayoyajua. Ya tatu ikawaka. Akaenda mbio moja kwa moja katikati ya ziwa, akalichana maji mstari mrefu wa povu na mawimbi, kisha akakata kona akajiondoa pembeni, amelowa chapachapa, akipunga fulana juu:

— Shuka, mama! Shuka!

Ndege ikageuka, ikaja sambamba na ule mstari, ikagusa maji, ikadunda kidogo, ikagusa tena, ikatulia. Gati zima likalipuka kwa shangwe. Mama Tiketi alimkumbatia Profesa, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Binti alipanda gatini, kofia mkononi, akamkumbatia baba yake hivyohivyo alivyolowa.

— Asante kwa mawimbi, baba. Bila wewe ningeishiwa mafuta huko juu. — Kisha akaligeukia benchi, macho makali. — Lakini niambieni. Siku zote boti zinapita hapa, nami nashuka nikizitazama. Leo nani alizizuia?

Fundi akainamia viatu vyake. Profesa akatikisa birika.

— Kahawa imekwisha, — akasema.