Gauni la Pindo Tatu

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikulazimika kutega sikio; maneno yalinifuata yenyewe. Kiti cha mbele yangu, kijana mwenye ovaroli ya gereji alikuwa amepakata boksi la viatu vya ngozi, vidogo kiasi cha kuvishwa vidole gumba.

"Vya mpwa wangu," alimwambia mama aliyekaa naye. "Dada kajifungua juzi. Nimetaka kitu cha kupendeza, tena kidumu."

"Viatu vitadumu, mwanangu. Mguu ndio hautadumu." Mama huyo alikuwa fundi cherehani, tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alitoa mfukoni gauni la kijani lenye ukosi wa darizi. "La mjukuu wangu hili. Lina pindo tatu kwa ndani. Mtoto akirefuka, unafumua moja."

"Mama yake atajua kufumua?"

"Huyo hata kutunga uzi kwenye sindano hajui. Na pindo nimeshona kwa mkono, mishono ya kujificha. Akijaribu ataharibu." Alilikunja taratibu. "Tangu amwoe, mwanangu wa kumzaa haji kwangu mpaka pawe na msiba. Sasa itabidi waniite."

Na mimi nilidhani anaringia ufundi.

"Wakiona taabu, wakamnunulia jingine dukani?" kijana aliuliza.

Mama alinyoosha ukosi ambao haukuwa na kunyanzi. "Ndiyo maana nimelishona zuri."

Basi liliposimama, kijana alishuka akiwa amefungua boksi, anachungulia ndani ya vile viatu, nadhani akitafuta pindo.